Chupa Nyepesi ya Maji kwa Safari ya Kilimanjaro: Jinsi ya Kuichagua, Kuijaribu na Kuitumia

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, getini Machame na Stella Point, karibu na kilele, vilevile. Mpandaji wa Kilimanjaro kwa kawaida hutoka kambini asubuhi akiwa na lita 3 mgongoni, na kilo hizo 3 hazina punguzo. Panapoweza kupunguzwa ni kwenye chombo. Vyombo vya kubebea lita 3 vinaweza kuwa na uzito wa gramu 300, na vinaweza kufika kilo moja na nusu, kutegemea umenunua nini. Tofauti hiyo ni sawa na kubeba lita nzima ya maji ambayo hutaionja.

Hata hivyo usianze na mizani. Jiulize kwanza kama chupa hiyo itafanya kazi usiku wa kileleni. Siku nyingine zote, chupa yoyote isiyovuja itakufikisha kambini. Usiku ule, kuanzia saa sita hadi jua linapochomoza, baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 10 au hata 20 chini ya sifuri, na hapo ndipo mirija huziba, vifuniko huganda na watu hushuka wakiwa na maji begini lakini koo kavu. Chagua chupa kwa ajili ya saa hizo sita au saba, kisha ndiyo uhesabu gramu.

Getini

Chupa nyepesi kuliko zote ni ile ya maji ya dukani. Ya lita moja na nusu haifiki hata gramu 50, na wengi wanaopanda Uluguru au Usambara huijaza tena na tena mpaka ichakae. Kilimanjaro hiyo haipiti: hifadhi hairuhusu chupa za plastiki za kutumia mara moja. Upande wa Kenya, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi zote tangu tarehe 5 Juni 2020, Mlima Kenya ukiwemo. Fika na chupa zako kabla ya siku ya getini, maana ukichelewa utalazimika kuchukua chochote kilichobaki kwenye duka la karibu, kwa bei atakayotaka mwenye duka.

Ukiacha sheria, chupa hiyo ya dukani ina kasoro nyingine kubwa: haivumilii maji ya moto. Plastiki yake huanza kulegea kwenye nyuzi joto 70 hivi. Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, iliyo mita 4,673, maji huchemka kwenye nyuzi 85 kwa sababu hewa huko ni nyepesi, lakini hata nyuzi hizo 85 zinatosha kuikunja chupa ya dukani ikawa kama jani lililopita motoni.

Imetengenezwa kwa nini?

Geuza chupa, tazama kitako. Plastiki nyingi zina pembetatu ndogo yenye namba katikati, na namba hiyo inakwambia mengi kuliko maneno ya muuzaji.

Namba 2 ni plastiki ile ile ya madumu ya mafuta ya kula: nyeupe ya maziwa, haionyeshi vizuri, ukiibinya inabonyea kidogo. Chupa ya lita moja ya aina hii, yenye mdomo mpana, ina uzito wa gramu 110 hivi. Inapokea maji yaliyochemka bila kuharibika, ikianguka kwenye mwamba inaruka tu, na baridi haiifanyi iwe kavu ya kupasuka. Haina mng'ao wowote, na pengine ndiyo maana watu huipita rafuni. Kwa Kilimanjaro, hii ndiyo tunayoipendekeza kwanza. Kasoro yake moja ni kushika ladha: ukiweka juisi ya unga mara mbili, maji ya wiki nzima yatakuwa na harufu ya embe.

Namba 7 ni kapu la "plastiki nyinginezo". Humo mna Tritan, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, ambayo chupa nyingi za kampuni ya Nalgene zinatengenezwa nayo. Ya lita moja ina gramu 180 hivi. Haishiki ladha, unaona maji yamebaki kiasi gani, na maji ya moto inayapokea. Unalipia gramu 70 za ziada kwa kila chupa kwa faida hizo. Ila kapu hilo la namba 7 limebeba pia polikaboneti, plastiki ya zamani iliyotengenezwa kwa bisfenoli A, kemikali ambayo Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye chupa za watoto wachanga mwaka 2011. Kwa hiyo ukiona namba 7, tafuta jina la Tritan au maandishi BPA FREE, yaani haina bisfenoli A. Chupa ya mtumba isiyo na jina wala maandishi, iache.

Namba 4 ni zile laini za waendesha baiskeli, za kubinya mdomoni. Kwa matembezi ya siku moja ni nzuri, lakini maji ya moto huilegeza na kifuniko chake cha kuvuta kwa meno huganda mapema.

Stenlesi ina aina mbili, na kuzichanganya ni kosa la kawaida. Ya ukuta mmoja, lita moja, ina gramu 200 hadi 300. Haihifadhi joto hata kidogo, na kwenye baridi kali mdomo wake wa chuma unauma midomo. Faida yake ni kwamba, ikiwa haijapakwa rangi na umeondoa kifuniko, unaweza kuichemshia maji motoni. Ya kuta mbili, yenye ombwe (nafasi isiyo na hewa) katikati, ndiyo ndugu ya chupa ya chai: lita moja huanzia gramu 400 na kwenda hadi 600. Hii usiiweke motoni kamwe, kwani imefungwa pande zote, na ikipata joto kali inaweza kupasuka. Kubeba tatu za namna hii ni mzigo wa bure. Kubeba moja ndogo ya nusu lita, yenye chai ya tangawizi kwa ajili ya saa kumi alfajiri, ni uamuzi ambao hakuna aliyewahi kuujutia pale juu ya Barafu.

Alumini ni nyepesi, gramu 150 hivi kwa lita, ila ndani yake lazima iwe na rangi ya kinga kwa sababu vitu vichachu huila alumini. Ikibonyea sana, rangi hiyo hupasuka mahali usipopaona. Kati ya plastiki namba 2 na alumini, hatuoni sababu ya kuchukua alumini.

Mwisho kuna mifuko laini. Chupa-mfuko ya lita moja ina gramu 35 hadi 90, na ikiisha maji unaikunja mfukoni. Mfuko mkubwa wa lita 2 au 3 wenye mrija wa kunyonyea una gramu 150 hadi 250 pamoja na mrija wake. Mrija una faida ya kweli: unakunywa mafunda madogo kila dakika chache bila kusimama, na mlimani ndivyo inavyotakiwa kunywa. Hasara zake ni tatu. Huoni umekunywa kiasi gani mpaka usikie hewa. Ukitoboka, nguo zote begini zimelowa. Na usiku wa kileleni mrija ndio wa kwanza kuganda, kwa sababu una maji membamba yaliyozungukwa na baridi pande zote.

Tukijumlisha: chupa mbili za namba 2 zenye mdomo mpana, na mfuko laini mmoja wa lita moja. Jumla ya vyombo ni gramu 300 hivi kwa lita 3. Anayependa mrija abebe mfuko wa lita 2 badala ya ule wa lita moja, lakini asiache zile chupa mbili ngumu.

Mdomo na kifuniko

Mdomo mpana, wa sentimita 6 hivi, unakubali mambo mengi: mpishi anakumiminia maji ya moto gizani bila kukuunguza, mkono wa mswaki unaingia, kalamu ya miale ya kuua vijidudu inaingia, na barafu nyembamba ikishika juu unaivunja kwa kijiti cha kutembelea. Mdomo mwembamba ni mzuri kunywea ukiwa unatembea, haumwagiki usoni, lakini maji machache yaliyo shingoni huganda kabla ya mengine na kuifunga chupa nzima.

Kifuniko bora ni cha kuzungusha, kikubwa cha kushikika na glavu nene, na kimefungwa kwenye shingo kwa kamba yake ili kisianguke gizani. Angalia pia kama kinazuia maji kwa ringi ya mpira au kwa ukingo wa plastiki yenyewe. Chenye ringi ni kizuri mpaka ringi ipotee au ikauke. Ukinunua cha namna hiyo, ulizia ringi ya akiba, uibandike kwa utepe kwenye kitako cha chupa. Vifuniko vya kubofya, vya kufunua na vya mrija uliokunjwa viache nyumbani. Vina sehemu nyingi ndogo, na kila sehemu ni mahali pa kuganda au kuvujia. Halafu kuna suala la hewa: ukijaza chupa ya mrija kambini chini, ukapanda mita elfu moja, hewa iliyofungiwa ndani inasukuma kutoka. Ukifungua, maji yanakurukia usoni. Chupa ya kuzungusha inatoa hewa taratibu ukiilegeza nusu mzunguko.

Kama unapanga milima isiyo na kikosi cha kuwachemshia maji, kama matembezi ya kujitegemea Usambara au Mlima Kenya, angalia na meno ya kifuniko. Vichujio vingi vyepesi vya kubinya vinafungwa kwenye meno ya milimita 28, yale yale ya chupa za dukani. Mifuko laini mingi ina meno hayo, na chupa za mdomo mpana hazina. Kwa hiyo chota kwa chupa pana, chuja kupitia mfuko. Na kichujio chenye nyuzi tundu, yaani vijirija vyembamba sana ndani yake, kikishatumika kisiachwe kigande hata mara moja. Maji yaliyobaki ndani yakigeuka barafu hupasua nyuzi, na kwa nje hutaona dalili yoyote. Usiku lala nacho.

Alama za ujazo ubavuni si pambo. Pakiti ya ORS ya kawaida ni ya lita moja, na kidonge cha klorini kina kipimo chake. Soma paketi kwa makini, kwani vidonge vingi vinavyouzwa hapa nyumbani ni vya ndoo ya lita 20, na kimoja chake ndani ya chupa ya lita moja ni dawa kupita kiasi. Kumbuka pia kwamba chupa ya wakia 32 za Kimarekani ina mililita 946, siyo 1,000. Ukiweka klorini, funga, tikisa, kisha legeza kifuniko na ugeuze chupa ili maji yenye dawa yatiririke kwenye meno yote. Funga tena na usubiri dakika 30. Wengi huua vijidudu vya ndani ya chupa, kisha wakanywa vilivyobaki kwenye meno.

Kuijaribu kabla ya kulipa

Muuzaji mwenye mizani ya sukari atakupimia uzito kwa dakika moja. Jisikie huru kumwomba, kwa sababu namba zilizo kwenye lebo mara nyingi zinataja ujazo tu. Kisha omba maji. Jaza chupa, funga kwa nguvu ya kawaida ya mkono, igeuze juu chini na uibinye kwa mikono miwili huku ukihesabu hadi thelathini. Tone moja likitoka shingoni, irudishe. Fungua na kufunga mara tano ukiwa umefumba macho: meno yakikataa kushika, au yakishika upande, usiku wa baridi utahangaika nayo.

Nusa ndani. Plastiki mpya nzuri ina harufu hafifu. Ile inayokupiga puani ukiifungua haitaacha kunuka kwa kuoshwa mara moja.

Kwa chupa ya kuta mbili, jaza maji ya moto, subiri dakika kumi, pitisha kiganja nje kuanzia kitako hadi shingoni. Ikipata joto ubavuni, ombwe limekwisha na umeshika chuma kizito tu. Jaribu hili hasa kwa chupa za mtumba na za kukodi mjini Moshi, ambazo zimeshaanguka mara nyingi.

Halafu ijaribu kwenye begi lako. Chupa ya lita moja ya mdomo mpana ina kipenyo cha sentimita 9 hivi, na mifuko ya pembeni ya mabegi mengine haiipokei. Vaa begi, peleka mkono nyuma, itoe na uirudishe bila kuvua. Kama huwezi, hutakunywa mara nyingi inavyotakiwa. Kuining'iniza nje kwa kulabu si suluhisho: inapigapiga paja kutwa nzima, na penye mawe ya kukwea kwa mikono kama ukuta wa Barranco inanasa.

Usiku wa kileleni

Kambi ya Barafu haina maji. Kwa njia za Machame, Lemosho na Umbwe, chanzo cha mwisho ni bonde la Karanga, na kila lita unayokunywa Barafu imebebwa na wagumu, kama wapagazi wanavyojiita, kutoka huko. Kwa njia ya Marangu ni hivyo hivyo: maji ya kambi ya Kibo hubebwa kutoka chini, njiani baada ya kambi ya Horombo. Usimwage maji ya jana eti yamepoa. Mrudishie mpishi ayachemshe tena.

Zungumza na mpishi wakati wa chakula cha jioni, siyo saa sita kasoro dakika kumi ambapo watu wote wanataka maji kwa pamoja. Karibu saa tano usiku, pokea maji yaliyotoka kuchemka katika chupa zote mbili ngumu. Acha nafasi ya vidole viwili juu, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na chupa iliyojaa pomoni haina pa kutanukia. Pangusa meno ya shingo na ya kifuniko yakauke kabisa kabla ya kufunga. Tone dogo likibaki hapo litaganda na kugeuka gundi. Funga, geuza, hakikisha haivuji.

Ingiza kila chupa ndani ya soksi nene ya sufu. Ya kwanza iweke ndani ya koti, mahali pasipopita kamba ya begi. Hiyo ndiyo utakayoinywa saa tatu za mwanzo. Ya pili iviringishe kwenye nguo ya akiba katikati ya begi, kifuniko kikitazama chini. Barafu ni nyepesi kuliko maji, hivyo huanza kushika sehemu ya juu. Chupa ikiwa imepinduliwa, sehemu ya juu ni kitako, na mdomo unabaki wazi. Hii ndiyo sababu jaribio la kuvuja dukani halina mbadala.

Ukiamua kubeba mfuko wa mrija usiku huo, kila baada ya funda pulizia hewa ndani ya mrija ili maji yarudi mfukoni, na kipande cha kunyonyea kikae ndani ya kola. Hata hivyo uhesabu kama maji ya ziada. Kikiganda, usisimame kukipasha joto kwa muda mrefu, mwili unapoa haraka kuliko barafu inavyoyeyuka. Chukua chupa.

Kifuniko kikigoma, usikigonge kwenye jiwe. Kishike kwa viganja ndani ya glavu au kibane kwapani dakika mbili tatu, kisha jaribu tena.

Chupa ya tatu isiyosemwa sana

Watu wengi hubeba chupa moja ya haja ndogo ya usiku, kwa sababu kutoka hemani saa nane usiku penye baridi kali ni kazi, na mwili unaokunywa lita 3 kwa siku utakuamsha. Iwe ya mdomo mpana, lita moja, na isifanane hata kidogo na chupa za kunywea. Rangi haisaidii gizani. Zungushia utepe wa gundi mizunguko mitatu au funga kamba shingoni ili vidole viitambue. Ikikosa alama, usibebe.

Kuitunza

Ukirudi mjini, weka kijiko kimoja cha mchele mbichi, tone la sabuni na maji vuguvugu robo chupa, tikisa dakika moja. Mchele husugua pembe ambazo mswaki haufiki. Harufu ya juisi au ya klorini huondoka kwa siki: sehemu moja ya siki kwa sehemu nne za maji, ilale usiku kucha. Toa ringi ya mpira kwa ncha ya kijiti cha meno na uioshe peke yake, ukungu mweusi hujificha nyuma yake. Mfuko laini utundike ukiwa wazi, na kijiti kikitenganisha kuta zake mbili, mpaka ndani pakauke. Mrija unahitaji uzi mrefu wenye fundo la kitambaa la kupitishwa mara kadhaa. Vyote vihifadhi bila vifuniko kufungwa, na mfuko laini ukiwa umenyooka badala ya kukunjwa, kwa sababu hutoboka kwanza kwenye mikunjo.